Tumfundishe Nani Kwanza?

Hoja ya mjadala huu ni fupi. Mambo yanapobadilika mbio kuliko vitabu vya shule vinavyochapishwa, nchi imfundishe nani kwanza: mtoto aliye darasani, au mtu mzima aliye kazini? Wazungumzaji ni wanne, na wote nimewatunga, ingawa aliyewahi kushuka kivukoni Nansio, Ukerewe, na kukaa visiwani siku mbili tatu atawatambua. Yupo mwalimu mstaafu aliyeanzia kazi kwenye kisomo cha watu wazima. Yupo mama anayenunua dagaa mwaloni, akawaanika na kuwauza kwa wafanyabiashara wa Mwanza. Yupo kijana mwenye shahada ya ualimu ambaye, kwa kukosa ajira, amefungua kibanda cha wakala wa pesa za simu. Na yupo Afisa Elimu Kata, mwanamke wa makamo, anayeutetea mtaala mpya kwa moyo wake wote.

Nimewaweka Ukerewe kwa sababu. Mwaka 1971 wilaya hiyo ilikuwa mojawapo ya sita, pamoja na Mafia, Masasi, Nachingwea, Kilimanjaro na Upare, zilizoagizwa kufuta ujinga wa kutojua kusoma na kuandika kabla ya mwaka kwisha. Na ziwa linaloizunguka limegeuka mara kadhaa ndani ya umri wa mtu mmoja. Sangara, aliyepandikizwa miaka ya 1950 na 1960, alifurika miaka ya 1980 na kuwamaliza furu wa aina nyingi. Vikaja viwanda vya minofu Mwanza, likaja gugumaji. Mwaka 1999 Ulaya ikasimamisha kununua samaki wa ziwa hili kwa hofu ya sumu iliyokuwa ikitumika kuvulia. Mwaka 2020 maji yakapanda hadi kimo kisichoonekana tangu miaka ya 1960, yakameza mialo na nyumba za ufukweni. Simu bado sijaitaja.

AFISA: Nianze mimi, maana najua lawama zote zitanishukia mimi. Miaka nenda miaka rudi tumesema shule zetu zinafundisha kukariri. Haya, serikali imesikia. Tangu Januari 2024 mtaala ulioboreshwa umeanza kutumika, kwa Elimu ya Awali, Darasa la Kwanza na la Tatu, na kwa Kidato cha Kwanza cha mkondo wa amali. Elimu ya lazima inakuwa ya miaka kumi, sita ya msingi na minne ya sekondari. Mtoto atatoka na ujuzi mkononi, awe wa kilimo, ushonaji, ujenzi au umeme. Mnataka jamii iweze kukabiliana na mabadiliko? Samaki mkunje angali mbichi. Mtu mzima ameshakauka.

MAMA WA DAGAA: Asante kwa kunianika, dada yangu.

AFISA: Samahani, Mama. Sikukukusudia wewe.

MAMA WA DAGAA: Najua. Endelea, nakusikiliza.

WAKALA: Naomba niingie hapo, Afisa, kwa hesabu ndogo tu. Mtoto aliyekuwa Darasa la Tatu mwaka huo wa 2024 atamaliza la Sita mwaka 2027. Mwaka 2028 ataingia Kidato cha Kwanza pamoja na wale wa mwisho wa Darasa la Saba, makundi mawili mlango mmoja, na madarasa yatawatoshaje wewe ndiye unayejua. Kidato cha Nne atamaliza 2031. Sasa nani ajuaye kwamba mwaka 2031 mwalo huu utahitaji fundi wa nini? Mimi nilichagua ualimu kwa kuwa kila aliyenitangulia kijijini kwetu aliajiriwa. Nilipovaa joho, waliokuwa wakisubiri ajira walikuwa maelfu kwa maelfu. Sikufeli mtihani hata mmoja. Nilisomea dunia iliyokwisha kuondoka.

AFISA: Ndiyo maana mtaala mpya hautaki kukufunga kwenye kazi moja. Unakutaka ujue kufikiri, kushirikiana na wenzako, kutafuta ufumbuzi mwenyewe.

WAKALA: Majirani zetu Kenya walianza maneno hayo madarasani mwaka 2019, walipoanza kuuaga mfumo wa 8-4-4. Wazazi wakajikuta wanakesha wakitafuta maboksi na karatasi za manila kwa ajili ya kazi ya nyumbani ya mtoto wa miaka sita.

AFISA: Hayo ya maboksi ni ya utekelezaji. Usiyatumie kuua hoja.

Afisa ana haki, na mimi mwandishi naomba nafasi kidogo. Mtaala haupimwi kwa vurugu za miaka yake ya kwanza. Lakini manung'uniko ya wazazi wa Kenya yanaonyesha jambo ambalo wapangaji wa elimu hulipita haraka: hata mageuzi yanayomlenga mtoto humfikia mtu mzima kwanza. Yeye ndiye anayenunua, anayesaidia kazi za jioni, anayeamua kama binti aendelee na shule au aende mwaloni. Na yeye ndiye ambaye hakuna aliyeketi naye kumweleza kinachobadilika na kwa nini.

MWALIMU MSTAAFU: Hoja hii si ngeni, wanangu. Mwaka 1964, alipozindua Mpango wa kwanza wa Maendeleo wa Miaka Mitano, Mwalimu Nyerere alieleza kwamba lazima tuanze na watu wazima, kwa kuwa watoto hawataugusa uchumi wetu kwa miaka mitano, kumi, pengine ishirini, ilhali fikra za watu wazima zinaugusa leo hii. Hakuwa akiwadharau watoto. Alikuwa akipiga hesabu ileile anayoipiga kijana huyu. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Sensa ya 1967 ilikuwa imeonyesha kwamba katika kila watu wazima watatu, kama wawili hawakujua kusoma. Ilipofika 1986, takwimu za serikali zilisema amebaki chini ya mmoja katika kila kumi.

AFISA: Takwimu za serikali, Mwalimu. Aliyeweka lengo ndiye aliyesahihisha mtihani.

MWALIMU MSTAAFU: Mingine niliisahihisha mimi. Wapo tuliowasukuma kidogo ili wavuke. Lakini usinikatishe hapo, maana kisomo cha huku Kanda ya Ziwa hakikuwa cha a-e-i-o-u peke yake. Kuanzia 1968 palikuwa na mradi wa majaribio uliosaidiwa na UNESCO, makao yake Mwanza. Vitabu vya kusomea viliandikwa kwa kufuata kazi ya mtu. Mkulima wa pamba alijifunza silabi kwenye pamba, wa migomba kwenye migomba, mvuvi kwenye uvuvi. Mtu alisoma huku akijua kesho asubuhi atayatumia wapi maneno yale.

MAMA WA DAGAA: Mama yangu mzazi alisoma hivyo. Alikuwa analima pamba. Kitu cha kwanza alichokifanya alipojua tarakimu ni kwenda kusimama mbele ya mizani, si nyuma ya foleni kama zamani. Mnunuzi akamuuliza, mama unatafuta nini hapa? Akamwambia, naisoma.

Kampeni inayostahili kutazamwa kwa karibu zaidi ni ile ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, ambayo wengi leo wanalikumbuka jina lake tu. Kwa wiki 12, watu wazima wapatao milioni 2, katika nchi isiyofika watu milioni 16, walikutana kila wiki katika vikundi vidogovidogo. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walikuwa wamefundishwa kabla. Mambo yalikwenda hivi. Majirani waliketi chini ya mwembe au ndani ya darasa, redio ikiwa katikati. Kipindi cha Redio Tanzania kilipokwisha, redio ilizimwa. Aliyejua kusoma alisoma kijitabu kwa sauti, wiki hii malaria, wiki ijayo kichocho, nyingine minyoo au kuhara. Kisha likafuata swali: je, sisi hapa tunao ugonjwa huu, na kama tunao, tunaupatia wapi? Kikao hakikufungwa mpaka watu wakubaliane la kufanya kabla ya wiki ijayo: kufyeka majani, kufukia madimbwi, kuchimba choo. Wiki iliyofuata walianza kwa kuulizana nani amefanya na nani hajafanya.

Kinachonivutia mimi katika utaratibu huo ni ile redio kuzimwa. Habari ilikuja kutoka mbali, ikasikilizwa, halafu ikanyamazishwa ili wenye mahali pao waseme. Simu zetu za leo zina habari nyingi mara elfu kuliko redio ya mkulima wa mwaka 1973, ila hazina mahali pa kuzimwa wala kikundi cha kuulizana kama lililosemwa ni kweli.

AFISA: Mwandishi anaipamba. Mwalimu, wewe ulikuwepo, useme kweli. Redio ileile ndiyo iliyohimiza watu wahamie vijiji vya ujamaa. Sehemu nyingi za nchi hii wapo waliochimba vyoo mwaka 1973, na mwaka uliofuata wakapakiwa kwenye malori, wakaacha choo, nyumba na mwembe waliokuwa wakikutania chini yake. Hiyo ndiyo elimu ya kukabiliana na mabadiliko? Mabadiliko yenyewe waliletewa na hao hao walimu wao.

MWALIMU MSTAAFU: Ni kweli. Kikundi kiliulizwa choo kichimbwe wapi. Hakikuulizwa kijiji kiwe wapi.

AFISA: Basi.

MWALIMU MSTAAFU: Si basi. Hiyo ni hoja ya kuwaongezea watu maswali ya kujadili, si ya kuwafungia kikao.

WAKALA: Mimi naona nyote mnaipa serikali sifa nyingi mno, ya kujenga na ya kubomoa. M-Pesa iliingia Tanzania mwaka 2008. Nani alifundishwa? Hapakuwa na darasa wala cheti. Leo bibi wa miaka sabini anapokea pesa ya mwanawe aliyeko Dar es Salaam kabla chai haijapoa. Mvuvi aliyeishia Darasa la Nne ameachana na karabai, anavulia dagaa kwa taa za sola, na betri anaifunga mwenyewe. Mtu akiona faida hujifunza. Ninyi walimu mnapenda kudhani kwamba bila ninyi watu wangekaa tu.

MAMA WA DAGAA: Huyo bibi wa miaka sabini, mwanangu, akifika kibandani kwako anafanyaje?

WAKALA: Ananipa simu.

MAMA WA DAGAA: Na namba ya siri?

WAKALA: Imeandikwa kwenye kikaratasi, iko ndani ya kava la simu.

MAMA WA DAGAA: Basi hajajifunza. Amekuamini wewe. Ukihama hapa kesho, elimu yake yote imehama nawe. Mimi ninayejua kuibonyeza mwenyewe nilipata ule ujumbe wa matapeli, wa ‘ile hela itume kwenye namba hii’. Wewe unaucheka kwa sababu umeuona mara mia. Siku hiyo nilikuwa nadaiwa kweli na mwenye mtumbwi, nikajua ni yeye kabadilisha laini. Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Kilichoniokoa ni mtoto kunililia njaa, nikaiweka simu chini, na mwenye mtumbwi akapita njiani. Shoga yangu hakuokolewa na mtu. Alikopa kwenye simu, akachelewa siku nne kulipa, wakawatumia ujumbe wa kumtangaza watu wote walio kwenye orodha ya simu yake, shemeji zake, mwenyekiti wa kitongoji, mpaka mchungaji. Kwa miezi miwili hakuonekana kanisani.

AFISA: Benki Kuu ilizipiga marufuku programu 69 za mikopo ya aina hiyo, Novemba 2024.

MAMA WA DAGAA: Nilisikia. Shoga yangu alikuwa ameshauza baiskeli.

WAKALA: Lakini Mama, hilo la kutapeliwa halina uhusiano na kusoma. Mwaka 2009, kwenye ule mchezo wa kupanda fedha kama mbegu na kuvuna mara mbili, si walipanda watumishi wa serikali? Si walipanda watu wenye digrii?

MWALIMU MSTAAFU: Walipanda hata walimu wa hesabu.

WAKALA: Unaona!

MWALIMU MSTAAFU: Naona, ila sioni unachokiona wewe. Mwalimu wa hesabu alijua kabisa kwamba fedha haizai hivyo. Alichokosa ni mtu wa kumuuliza hadharani, fedha hizi zinatoka wapi, kabla hajazipeleka. Kila mmoja alikwenda kimyakimya, akiogopa jirani asije akamtangulia. Hesabu tulikuwa nayo. Kikao ndicho hatukuwa nacho.

Hapa Wakala ameshindwa, nami sitajifanya mwamuzi asiyependelea. Hoja yake kwamba watu hujifunza wenyewe ni ya kweli kwa nusu ya kwanza ya kila mabadiliko, ile ya kubonyeza vitufe. Nusu ya pili, ya kujua nani anafaidika, nini kinaweza kuharibika na tufanyeje kikiharibika, haiji yenyewe. Wenye kampuni hawana haraka ya kuifundisha, na mtoto aliyeko Darasa la Tatu hawezi kumfundisha mama yake.

MAMA WA DAGAA: Ngoja niwape jingine, maana mmekaa sana kwenye simu. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutangaza kwamba msimu huu mvua zitakuwa za wastani hadi chini ya wastani. Mimi nina dagaa kwenye chanja. Dagaa wa mchangani huishia kuwa chakula cha kuku, wa chanja ndiye mwenye bei, lakini akinyeshewa kabla hajakauka naye ni wa kuku. Sasa huo wastani ni wastani wa nani?

AFISA: Wanachukua mvua iliyonyesha hapa kwa miaka mingi, thelathini kwa kawaida, wanaijumlisha na kuigawa, wanapata kiasi cha msimu wa kawaida. Wakisema chini ya wastani, maana yake huenda ikanyesha pungufu ya hapo. Haikwambii itanyesha siku gani. Kwa hilo kuna utabiri wa siku kumi, na wa kila siku.

MAMA WA DAGAA: Umenieleza kwa dakika moja. Nimefanya kazi hii miaka yote sijaelezwa. Sasa niulize tena. Kama katika hiyo miaka thelathini ziwa lenyewe limegeuka na mvua zimegeuka, huo wastani bado unafaa?

AFISA: Hilo... hilo ni swali zuri.

MAMA WA DAGAA: Ukisikia mwalimu anasema swali zuri, ujue hana jibu.

MWALIMU MSTAAFU: Mimi sina jibu kamili, ila ninacho kipande. Maji yalipopanda mwaka 2020, wazee waliokuwa vijana kwenye mafuriko ya miaka ya 1960 walijua yatafika wapi. Walioomba ushauri wao walihamisha mitumbwi na chanja mapema. Mzee Aniceti Kitereza wa kisiwa hikihiki alilijua jambo hilo. Mwaka 1945 alimaliza kuandika kwa Kikerewe kitabu chake cha Myombekere na Bugonoka, ili vijana wa baadaye wajue watu wa hapa waliishije, na akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Kikachapwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, akiwa mzee sana. Kumfundisha mtu mzima hakumaanishi kumjaza. Anakuja na chake.

WAKALA: Cha kwake nacho kina mwisho, Mwalimu. Wazee haohao wanasema mawingu ya siku hizi yanawadanganya.

MWALIMU MSTAAFU: Ndiyo maana nataka wakae na Afisa mwenye miaka yake thelathini ya vipimo. Si mmoja amwondoe mwenzake kwenye benchi.

Naona swali la Mama lina thamani kuliko majibu mengi. Mwanafunzi wa Kidato cha Nne anaweza kukokotoa wastani bila kosa, akapata alama zote. Hataliuliza swali hilo, kwa kuwa hana dagaa kwenye chanja. Na bila maswali ya namna hiyo, wataalamu wenyewe hawajui watu wanataka kujua nini.

AFISA: Sawa. Tuseme nakubali mpaka hapo. Lakini mnazungumza kama vile nchi imelala. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ipo. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanza mwaka 1975 kwa kufuata mfano wa Sweden, vipo. Vijana walio nje ya shule wana mpango wao, IPOSA. Mabinti waliokatisha masomo kwa ujauzito wanarudi shuleni tangu mwishoni mwa 2021. Mnataka nini tena?

MWALIMU MSTAAFU: Vipo, na sivibezi. Lakini tazama vinafanya nini. Sehemu kubwa ya elimu ya watu wazima imekuwa mlango wa uani wa shule. Aliyefeli, aliyeacha, aliyekosa, wanapitishwa huko waufikie mtihani uleule wa Kidato cha Nne, au wapate ufundi wa kujiajiri. Ni vizuri. Ila mama huyu hataki cheti. Anataka kuelewa mkopo, mvua, vizimba vya samaki vinavyokuja, sheria mpya za nyavu. Elimu ya namna hiyo tulikuwa nayo, tukaiacha. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, bei ya mafuta, hazina kukauka miaka ya 1980, masharti ya wakopeshaji. Kila palipopungua fedha, posho ya mwalimu wa kisomo ndiyo iliyokatwa mwanzo. Gazeti la Elimu Haina Mwisho, lililokuwa likichapwa Mwanza kwa ajili ya wasomaji wapya, likafifia. Tukawa na mamilioni wanaojua kusoma na hawana cha kusoma.

MAMA WA DAGAA: Na mkirudisha, msirudishe kwa saa zenu. Enzi zile kisomo kilikuwa saa kumi alasiri, saa ya mwanamke kuteka maji na kupika. Na sisi wa dagaa kazi yetu inafuata mwezi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali, taa haziwavuti, mitumbwi inapaki karibu wiki nzima, watu wako mwaloni wanashona nyavu na kucheza bao. Darasa liwe wakati huo. Kalenda yenu ya mihula haiujui mwezi.

WAKALA: Hapo Mama umenigusa. Siku hizo hata kibandani kwangu hakuna mzunguko.

MWALIMU MSTAAFU: Basi umeshapata kazi, mwanangu. Una shahada ya ualimu, na watu wazima wanakuja kwako kila siku wenyewe.

WAKALA: Kwa posho gani, Mwalimu?

Hilo ndilo swali, na ni vyema limeulizwa na mtu mwenye njaa halisi. Fedha za kuanzia hazihitaji kutafutwa mbali. Kila halmashauri hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kuvikopesha vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Vikundi hivyo vimeshaundwa, vina wenyeviti na makatibu, na wanachama wanafahamiana. Kinachokosekana ni kile kikao cha baada ya redio kuzimwa. Sehemu ndogo ya fungu hilo, au kifungu kingine kando yake, ingemlipa kijana kama huyu posho ya wiki 12 akae na kikundi: wiki ya riba, wiki ya utapeli wa simu, wiki ya utabiri wa mvua, wiki ya kukausha na kufungasha, na kila kikao kifungwe kwa jambo la kufanya.

MAMA WA DAGAA: Isiwe sharti. Mkiniambia nisome wiki 12 ndipo nipewe mkopo, nitarudi kwa wale wa kwenye simu. Mkopo utoke, na kisomo kiende pamoja nao.

AFISA: Na mimi niseme la mwisho. Ukichukua hata shilingi moja kutoka madarasani mwangu kwa ajili ya hili, tutagombana. Mwaka 2028 uko mlangoni.

WAKALA: Sichukui. Nataka yangu tu.

Afisa ana sababu ya kuwa mkali. Shule zake zitapokea makundi mawili kwa wakati mmoja, na hakuna anayetaka watoto wakae chini. Lakini ulinzi huo wa fungu la watoto hauna budi kuambatana na kukiri jambo moja: maamuzi yatakayofanywa katika ziwa hili kuanzia leo hadi 2031, ya kukopa, kuvua, kuhama na kusomesha, yatafanywa yote na watu waliokwisha kumaliza shule au ambao hawakwenda kabisa. Hukumu yangu ni kwamba mtaala mpya uendelee, na kwamba kuuita peke yake maandalizi ya jamii kwa mabadiliko ni kujidanganya. Elimu iliyowahi kuibadilisha nchi hii kwa muda mfupi ilikuwa ya watu wazima, katika lugha yao, mahali pao pa kazi, na kasoro zake zilitokana na kuwanyima watu maswali makubwa, wala si kwa sababu wanafunzi wake walikuwa na mvi.

Diwani unayesoma makala haya, kwenye kikao kijacho cha bajeti ulizia fungu la elimu ya watu wazima katika halmashauri yako ni shilingi ngapi, kisha wasomee wapiga kura wako jibu utakalopewa.